Maputo ya sherehe: usiyajaze hadi mwisho ukiwa kwenye kiyoyozi

Ukipuliza maputo ndani ya chumba chenye kiyoyozi, usiyajaze mpaka yang'ae. Yaache yabonyee kidogo. Ukiyatoa nje kwenye jua la saa saba, hewa iliyomo inatanuka, na puto lililokwisha kubana halina pa kuipeleka. Linapasuka, watoto wanaanza kulia hata keki haijakatwa.

Hesabu yake ni rahisi, ila hapa ndipo wengi (mimi nikiwemo enzi za sekondari) huteleza. Chumbani ni nyuzi 22 za Selsiasi, juani hewa ya ndani ya puto ikafika 45. Ukigawanya 45 kwa 22 utadhani ujazo unazidi mara mbili. Sivyo! Ongeza 273 kwanza upate kelvini (kipimo cha joto kinachoanza kwenye sifuri halisi, na ndicho ujazo wa hewa hufuata): 318 gawanya kwa 295, ni kama 1.08. Puto la lita 10 litataka lita 10.8.

Kama huamini, funga puto vizuri, liweke kwenye friza nusu saa. Litatoka limenywea kama embe la juzi, kisha litajaa lenyewe mezani.