Kutia direksio asiste ku FJ45 ya zamani: hatua zote, soma mbele ya kuuliza

Bandugu, wiki hii peke yake watu wane wameniuliza kitu kilekile, namna gani nilifanya volani ya pikapu yangu ikuwe nyepesi kwa direksio asiste, ile yenye pompi ya mafuta inasaidia mikono. Nimejibu kila mutu peke yake na nimechoka, njo naandika yote fasi moja.

Gari yenyewe ni Land Cruiser FJ45 ya 1978, moteri 2F ya esanse, volani kushoto. Inafanya Goma, Sake, Mushaki mupaka Masisi, inashuka na viazi na maharagi. Direksio ya kiwanda ilikuwa ya nguvu za mikono tu, na ukiwa umebeba halafu unageuza umesimama juu ya mawe ya volkano, jioni mabega yanawaka.

Bwati ya direksio (ile yenye inapokea shafti ya volani na kugeuza pine) nilitia ni ya Land Cruiser seri 60, zile zilitoka 1980 mupaka 1990. Niliichagua juu FJ60 (seri 60 za esanse) za kwanza ziko na 2F ileile, kwa hiyo pompi, kishikio chake na puli ya chini yenye mufereji wa ziada vinaingia ku moteri yako bila kuchonga kitu. Kama uko na dizeli, tafuta pompi ya dizeli yako, mengine ni sawa.

TAZAMA: bwati itoke ku gari ya VOLANI KUSHOTO. Hapa kwetu gari mingi zinaingia na volani kulia, zikivunjwa bwati zao zinauzwa mu Birere (hapa Goma) pamoja na zingine, na kwa macho zinafanana. Ile ya kulia imegeuka kama sura mu kioo, haitakaa hata ufanye nini. Uliza ilitoka ku gari gani, na kama gari bado iko, uende uione mbele ya kutosha feza.

Hatua ya 1. Kriki mbele, magogo ya nguvu chini ya shasi, tosha batri.

Hatua ya 2. Tosha bwati ya zamani, fimbo yake, na ule mukono wa katikati wenye uko ku travesi ya mbele. Usivitupe, kuko watu wanavitafuta.

Hatua ya 3. Tia pompi, puli na kuruwa (mukanda) mupya.

Hatua ya 4, SHASI. Hapa usikimbie. Shasi ya seri 40, yenye FJ45 iko ndani yake, ni sanduku, ndani ni wazi. Bwati inakaa inje na bulo zake zinapita kuta zote mbili. Mara ya kwanza mimi nilitoboa, nikapitisha bulo, nikakaza na tiyo ku kle kwa nguvu zote. Kwa macho ilikuwa muzuri. Kumbe kila nikikaza zile kuta zinakaribiana, bulo inakunja bati tu, haishike. Wiki ya tatu nikiwa nashuka Mushaki nasikia "tak" kila nikigeuza kushoto. Nilisimama Sake, nikalala chini ya gari, nikaambia kijana ageuze volani polepole, na nikaona bwati inapumua: inaachana na shasi, inarudi, inaachana, nafasi ya ukucha kuingia. Ku tundu ya juu kulikuwa ufa wa urefu wa kidole kidogo, rangi imeruka na kutu mupya ya machungwa inatoka mule. Na nyuma nilikuwa nimebeba watu saba. Niliwashukisha wote pale, nikalipa moto (pikipiki) ziwapeleke, nikarudi Goma na premiere (vitesi ya kwanza).

Sasa fanya hivi. Chora miguu ya bwati ku karto, kata, tumia ile karto kuweka alama ku shasi. Toboa matundu yaingize tiyo ya chuma yenye ukuta wa milimita 4, na ndani yake bulo ya 12 ipite bila kucheza. Tiyo itoke ukuta mpaka ukuta, isudewe (ichomelewe) pande zote mbili, kisha saga ikuwe sawa na bati. Inje ongeza plaki ya milimita 6, nayo isudewe kuzunguka. Bulo ziwe zile zenye kuandikwa 10.9 ku kichwa, na ekuru (nati) za kujifunga. Mbele ya kusude, sogeza tiyo za esanse na za freni zenye zinapita pale, usiseme "ni muda kidogo tu". Na kama shasi imekula kutu mpaka nyundo inaizamisha, acha hii kazi, tengeneza shasi kwanza.

Hatua ya 5. Shafti ya volani. Ku gari za zamani zaidi shafti ni moja toka volani mupaka ndani ya bwati, itabidi kuikata, lakini usikate mbele ya kupata kipande cha chini cha seri 60 na kardani zake mbili (viungo vyenye kupinda). Uma za kardani zikae mustari mumoja, vinginevyo volani itakuwa nzito, nyepesi, nzito, nyepesi ukizungusha.

Hatua ya 6. Tafuta katikati ya bwati: zungusha mpaka mwisho, hesabu mizunguko mpaka mwisho mwingine, rudi nusu. Pine ziwe zinaangalia mbele njo ufunge mukono. Fimbo yenye kuunganisha urefu hautaingia sawa, tengenezesha ingine ku mutu wa turu (mashine ya kuchonga chuma), tiyo nene yenye vichwa vya kufunga kwa uzi. USISUDE fimbo ya direksio, hata fundi akikuapia.

Hatua ya 7. Fleksibo ya presio (mupira wenye kupeleka mafuta toka pompi mupaka bwati) ifungwe na makina, fasi wanatengeneza za makina ya barabara. Mule presio inapita bar 70, kolye ya kukaza na turnavisi itaruka. Ya kurudi ndiyo inaweza kufungwa na kolye.

Hatua ya 8. Jaza mafuta ya ATF (yale ya bwati vitesi otomatiki). Pine zikiwa juu na moteri imezimwa, zungusha mwisho mpaka mwisho mara 20, ukiongeza mafuta. Kisha washa. Povu ikiisha, hewa imeisha.

MASWALI

Mwana Kadutu: Kaka, nilipata bwati ya seri 60 bei muzuri ila ilitoka ku volani kulia, naweza kuigeuza?

Mimi: Hapana. Niliandika kwa herufi kubwa.

Mwana Kadutu: Basi nifungie mu nyuma?

Mimi: Rudisha bwati, ndugu.

Dada wa Himbi: Samahani yaya, mimi najifunza bado. Kwa nini tiyo? Plaki ya milimita 10 haiwezi kutosha?

Mimi: Swali muzuri kabisa. Plaki inasaidia ukuta wa inje tu. Zamani nguvu ilitoka ku mikono yako, sasa pompi inasukuma, na pine ikikwama kati ya mawe mawili ile nguvu yote inarudi ku bwati na kuivuta kutoka ku shasi. Bulo inashika juu imevutwa kama kamba. Bila tiyo ndani huwezi kuivuta, juu sanduku linakubali kubonyea. Chukua boksi ya karto, pitisha bulo na rondeli pande mbili, kaza. Halafu tia kipande cha mwanzi ndani, kaza tena. Utaona mwenyewe.

Dada wa Himbi: Nimefanya na boksi ya sabuni. Nimeelewa. Aksanti sana.

Fundi wa Butembo: Nimefunga tano bila tiyo, hakuna yenye ilirudi.

Mimi: Mimi nimeeleza chenye niliona na macho yangu. Lala chini ya moja ya zile tano, mutu ageuze volani, utuambie.

Dereva wa Minova: Yangu imekamilika lakini nikipita kilometa 50 volani inatetemeka vibaya. Pompi?

Mimi: Si pompi. Mara mingi ni rulema za pivo, pale pine inageukia, moja juu na moja chini. Direksio nzito ilikuwa inaficha ule ubovu. Tosha fimbo zote ku pivo, zile juani za mafuta (mipira yenye kuzuia grisi isitoke) ziregezwe, funga kamba ku mwisho wa mukono wa pivo na uvute na mizani ya kamata, ile ya kupimia samaki. Mimi naitaka ianze kusogea ku kilo 2 hivi.

Dereva wa Minova: Nilikopa mizani kwa mama wa sambaza. Upande wa kushoto haifiki hata nusu kilo.

Mimi: Njo hapo. Fungua uone rulema. Kama zimechorwa, badilisha. Kama ziko muzima, punguza vile vibati vyembamba vyenye kupima mukazo wa rulema, kipimo sawa juu na chini, ili pivo ibaki katikati. Na ukiwa umefungua, angalia grisi: ikiwa majimaji na inanuka mafuta ya difere, juani ya ndani imekufa, ubadilishe wakati huohuo.