Kupanga kikomo cha umri katika utafiti wa afya ya uzazi

Tafiti kubwa za kaya, kama ule wa Tanzania wa 2022, huhoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Usinakili kikomo hicho kabla ya kujua unapima nini. Kwa uzazi wa mpango kinafaa. Kwa ukomo wa hedhi au kushuka kwa kizazi, kinawaacha nje wahusika wengi. Waliozaa kabla ya miaka 15 utawapata kwa kuwauliza wenye miaka 20–24 historia yote ya uzazi wao.

Uliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, kisha umri aliotimiza, ulinganishe. Umri ukiishia na 0 au 5, huenda amekadiria tu; dadisi zaidi.

Hitilafu kubwa iko mpakani. Hojaji ni ndefu, na mdadisi aliyechoka humwandika wa 15 kuwa 14, wa 49 kuwa 50, kazi ipungue. Msimamizi alinganishe idadi ya wa 13–14 na wa 15–16, vilevile 48–49 na 50–51. Pengo likijitokeza, arudie kaya chache yeye mwenyewe.

Asiyeolewa aliye chini ya 18: ridhaa ya mzazi au mlezi kwanza, kisha yake. Akikataa yeye, mahojiano hayapo.