Kabla hujapanda basi na kizunguzungu chako

Kizunguzungu kina tabia ya kukukimbia mlangoni kwa daktari. Usiku kucha kitanda kimeyumba kama ngalawa, asubuhi umekaa kwenye benchi la hospitali mzima kabisa, utadhani wewe ndiye uliyekuja kumsindikiza mgonjwa. Huu ni mwaka wangu wa tatu naishi nacho hapa Mtwara. Kituo cha kwanza nilipewa dawa ya malaria, cha pili dawa ya UTI, cha tatu nikaambiwa nipunguze mawazo. Siwalaumu sana. Kote nilikuwa naingia, nasema "kizunguzungu", nanyamaza.

Neno hilo limebebeshwa mizigo mingi mno. Yupo anayeona nyumba inamzunguka. Yupo anayeona giza akisimama ghafla, kama anataka kuzimia. Mwingine akikaa hana neno, ila akitembea anapepesuka, na yule wa nne kichwa chepesi tu, kama kimejaa pamba. Kila mmoja ana njia yake ya uchunguzi. Kwa hiyo kabla ya kuomba rufaa, iwe ya hospitali ya Ligula hapa Mtwara, Sokoine pale Lindi, hospitali ya kanda kule Mitengo au Muhimbili, kaa chini uamue wewe ni yupi. Ukiweza, usilitumie kabisa neno kizunguzungu mbele ya daktari, msimulie kinachotokea.

La pili ni muda, na hapa ndipo ninapowasumbua wenzangu zaidi. Nunua daftari la shule, andika kila shambulio: lilianza ukifanya nini, lilidumu kiasi gani, sikio lilisemaje. Likija ukijigeuza kitandani au ukiinua shingo kutazama korosho juu ya mti, likaisha kabla ya dakika moja, mara nyingi ni vipunje vya chokaa vilivyohama mahali pake ndani ya sikio. Hivyo hutibiwa kwa kulazwa na kugeuzwa kichwa hatua kwa hatua, bila kidonge. Likidumu kuanzia dakika 20 hadi saa kadhaa, huku sikio moja linavuma, limeziba na usikivu unapungua, daktari atafikiria ugonjwa wa Ménière. Kipandauso nacho huleta kizunguzungu cha dakika chache hadi siku tatu, wakati mwingine bila kichwa kuuma hata kidogo. Wengi hawaamini hili. Na ipo ile ya karibu kila siku, miezi mitatu na zaidi, inayozidi ukisimama au ukipita sokoni kwenye watu wengi. Hiyo, ambayo madaktari huiita PPPD kwa kifupi cha Kiingereza, ilipata vigezo rasmi vya kimataifa mwaka 2017 tu, basi usishangae daktari mzee asipoitaja.

Simu ya mkononi ina kazi. Shambulio likianza, mwambie aliye karibu akurekodi macho yako, karibu na kwa mwanga wa kutosha, ukiwa umeyafumbua. Macho yanayocheza-cheza yenyewe, na upande yanakokimbilia, humwambia mtaalamu mengi ambayo benchi la asubuhi limeyaficha.

Vipimo vinavyopatikana hospitali za hapa kwetu vimalizwe kwanza: wingi wa damu, sukari, na moyo. Presha usikubali ipimwe umekaa tu. Omba upimwe umelala kwa dakika kama tano, kisha umesimama, ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, huenda jibu limepatikana bila nauli ya Dar.

Dawa zote zitie kwenye mfuko mmoja, na maboksi yake: za presha, za usingizi, ulizonunua duka la dawa bila cheti, hata mizizi aliyokupa bibi. Kama uliwahi kuchomwa sindano za gentamaisini au kunywa kwinini, sema. Zote mbili zinaweza kuligusa sikio. Vidonge vya kutuliza kizunguzungu vinaweza kuficha dalili siku ya kipimo, kwa hiyo uliza mapema kama uviache, na siku ngapi kabla. Za presha usiziache kwa akili yako. Kuhusu majini, kila nyumba ina imani yake na mimi sina ugomvi na mtu. Ila kombe la dua na daftari vinaweza kukaa nyumba moja.

Wakati unasubiri, usipande mkorosho, usiogelee peke yako, usiendeshe bodaboda.

Haya yote ni ya mtu mwenye nafasi ya kusubiri. Kizunguzungu kikija ghafla pamoja na ulimi mzito, uso kupinda upande, mkono kuishiwa nguvu, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kusimama, au kichwa kuuma kuliko kilivyowahi, acha daftari, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Hicho kinaweza kuwa kiharusi.

Kwa safari ya Dar, hakikisha bima na barua ya rufaa vimekamilika kabla ya tiketi. Barabara ya kusini nayo iulizie wakati wa masika. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata na watu wakakwama. Kaa siti za mbele, tazama mbali, na usiende peke yako. Anayekusindikiza awe aliyewahi kukuona shambulio likikushika, maana ataulizwa usiyoyakumbuka.

Picha ya kichwa ikirudi safi, usikunje karatasi ukaondoka. Sikio la ndani linaweza kuwa na hitilafu isiyoonekana kwenye picha. Uliza kama umepimwa usikivu, na kama utalazwa haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, macho yako yakitazamwa. Asubuhi ya kipimo hicho kula kidogo tu, na ubebe mfuko wa kutapikia. Mimi nilikunywa supu ya pweza.