Vidonge vya peintiboli vikipinda, usianze na mtutu

Hapa Lubumbashi, mchezaji wa peintiboli, mchezo wa kufyatuliana vidonge vya rangi kwa bunduki ya gesi, akiona vidonge vyake vinapinda njiani, hukimbilia kutafuta mtutu mrefu zaidi. Kidonge cha kawaida kina upana wa milimita 17 hivi na uzito wa gramu 3 tu. Ni kinene na chepesi, kwa hiyo hewa hukivunja mwendo upesi. Vikitoka kwa kasi moja na pembe moja, vidonge vinavyofanana hufika umbali mmoja, mtutu uwe mrefu au mfupi.

Hatua ya 1: kagua vidonge. Pesa yako iende hapa kwanza. Ganda ni la jelatini, nayo hunyonya unyevu. Majira yetu ya mvua, mfuko ulioachwa wazi usiku kucha unaharibika: vidonge vinavimba, vinalegea, vinaingia vishimo. Viviringishe juu ya meza. Kinachoyumba kiweke kando. Vilivyobaki vifunge vizuri, mbali na jua, na ugeuze mfuko kila baada ya siku chache visibonyee upande mmoja.

Hatua ya 2: vilinganishe na mtutu. Ondoa gesi, fungua mtutu, tia kidonge kwa nyuma. Kikiteleza chenyewe hadi nje, mtutu ni mpana mno. Ukipuliza kisisogee, ni mwembamba, na kitapasukia ndani. Kinachofaa hukaa, kisha hutoka kwa pumzi yako. Urefu wa sentimita 30 hadi 35 unatosha kabisa.

Hatua ya 3: angalia gesi. Kaboni dayoksaidi kwenye nyuzi 20 ina mgandamizo wa baa 57 hivi. Kwenye nyuzi 10 inashuka hadi 45. Asubuhi za Juni na Julai tunazijua baridi yake: bunduki uliyoipima saa moja itapiga kwa kasi nyingine saa sita mchana. Kufyatua mfululizo nako huipoza chupa. Ukipata hewa iliyoshindiliwa, yenye regileta nzuri (kifaa cha kusawazisha mgandamizo), ichague.

Hatua ya 4: pima kasi ya kidonge kwa kronografu, yaani kipima kasi. Kila aliye karibu avae kinyago cha kukinga macho, hata mtazamaji. Usivuke futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91. Viwanja vingi huweka kikomo cha chini zaidi. Kuongeza kasi ili ufike mbali ni kuhatarisha jicho la mwenzako, na mimi sikubali kucheza na mtu wa namna hiyo. Namba zikirukaruka, kagua regileta na pete za mpira.

Hatua ya 5: jaribu kwenye kartoni. Safisha mtutu, egemeza bunduki, piga vidonge kumi kutoka mita 25. Alama zikitawanyika juu na chini tu, kasi inabadilika: rudi hatua ya 4. Zikitawanyika pande zote, tafuta rangi iliyobaki mtutuni, kisha kagua vidonge upya. Zikikusanyika pamoja pembeni mwa shabaha, bunduki ni nzima; rekebisha unavyolenga.