Kuwasha pampu ya kiwandani: kazi kubwa ni kabla ya swichi

Pampu ya impela (gurudumu la mapanga linalosukuma maji) ikizunguka kavu, sili yake, yaani kizibo kinachozuia maji kuvuja kwenye shafti, huungua kwa muda mfupi, maana maji inayoyasukuma ndiyo hayo hayo yanayoipoza.

Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Hakikisha kwa testa kwamba fezi zote tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, hazina umeme, ndipo uiguse mashine. Kaza nati za msingi, angalia oili ya beringi ifike katikati ya kioo chake, kisha zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza, usiendelee mpaka ujue kwa nini.

Wakati kapulingi (kiungo cha mota na pampu) bado imetenganishwa, rudisha umeme na uguse swichi sekunde moja tu. Mota ifuate mshale uliochorwa kwenye pampu. Ikienda kinyume, zima umeme, piga kufuli tena na ubadilishane nyaya mbili kati ya tatu. Rudia jaribio hili kila laini au transfoma inaporekebishwa, kwani fezi huweza kurudi zimebadilishana. Ukishamaliza, piga kufuli tena, unganisha kapulingi na urudishe kinga yake.

Sasa jaza maji. Vali ya kunyonya iwe wazi yote, ya kutolea ifungwe. Legeza kizibo cha hewa, mimina polepole mpaka maji yatoke bila mapovu. Subiri dakika kumi: yakishuka, vali ya chini ya bomba inavuja, mara nyingi kwa sababu takataka imenasa mdomoni mwake. Anayenyonya kutoka Ziwa Victoria asafishe chujio kwanza, magugu maji huliziba.

Kuna jambo mafundi wengi hulisahau. Ziwa hilo liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mombasa, kanieneo ya hewa inaweza kuinua maji mita 10.3 kinadharia, Jinja, kando ya ziwa hilo, ni karibu mita 9 tu, na Kabale, iliyo juu zaidi milimani, ni pungufu zaidi. Ukitoa msuguano wa bomba na mahitaji ya pampu yenyewe, ni salama pampu isikae zaidi ya mita 5 hivi juu ya maji. Vipimo vya pwani visinakiliwe huku.

Washa. Geji ya presha ikipanda, fungua vali ya kutolea taratibu, usiiache imefungwa zaidi ya dakika moja, maji yatapata moto ndani. Lakini pampu ya gia au ya pistoni, kama ile ya molasi kwenye kiwanda cha sukari, ni kinyume kabisa: vali ya kutolea ifunguliwe KABLA ya kuwasha, la sivyo bomba litapasuka.

Pima ampea za kila fezi, zisizidi zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Kama pampu yako ina pakingi (kamba za kuzibia maji kwenye shafti), idondoshe matone 40 hadi 60 kwa dakika. Ukiikaza mpaka ikauke, itakula shafti. Ukisikia mlio kama kokoto zinazungushwa ndani, pampu inakosa maji ya kutosha: zima, kagua chujio na vali ya kunyonya.

Umeme ukikatika, zima stata (swichi ya kuwashia mota) mara moja na ufunge vali ya kutolea, isije pampu ikajiwasha yenyewe umeme ukirudi, mtu akiwa na spana mkononi.