Somo: Simu ya mkononi na usukani katika sheria ya Uingereza

Somo hili ni kwa wenzetu wanaoendesha magari England, Scotland na Wales. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba dereva aliyerekodi ajali kwa simu huku akiendesha hakuwa amevunja kanuni ya simu, kwa kuwa wakati huo kanuni hiyo ililenga mawasiliano tu. Pengo hilo lilizibwa tarehe 25 Machi 2022. Sasa ni kosa kushika simu, tableti au kifaa kingine kinachoweza kutuma na kupokea data na kukitumia kwa jambo lolote, hata kutazama saa au kukataa simu inayoingia, kuwe na intaneti au kusiwe nayo.

Hatua ya 1: kabla ya kuondoka. Weka simu kwenye kishikio kisichokuzuia kuona barabara, andika anwani ya uendako, na uchague utakachosikiliza.

Hatua ya 2: njiani. Unaweza kuongea bila kushika simu, lakini polisi wakiona kwamba hulidhibiti gari ipasavyo, bado wanaweza kukuchukulia hatua. Kwa maoni yangu, habari za msiba au za mgogoro wa shamba nyumbani zisubiri ufike.

Hatua ya 3: ukilazimika kuishika. Egesha mahali salama panaporuhusiwa, kisha uzime injini. Ukanda wa dharura kando ya barabara kuu si mahali pa kujibia ujumbe.

Adhabu ya kawaida ni faini ya pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni. Kesi ikifika mahakamani faini inaweza kufika pauni 1,000, au 2,500 kwa dereva wa lori au basi. Hapa ndipo ninapowaomba mzingatie sana. Leseni ya Kenya au Tanzania hutumika kwa miezi 12 tu tangu uhamie huku, na haibadilishwi moja kwa moja, hivyo ni lazima ufanye mtihani. Ukishafaulu, hata kama uliendesha Mombasa au Mwanza kwa miaka mingi, unahesabiwa dereva mpya kwa miaka 2, na dereva mpya akifikisha pointi 6 hufutiwa leseni. Yaani kosa moja la simu linatosha kukurudisha kwenye leseni ya mwanafunzi na mitihani yote miwili, wa nadharia na wa barabarani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, gari langu hujizima lenyewe kwenye taa nyekundu. Je, naweza kusoma ujumbe hapo?*

Hapana, ndugu yangu. Kusimama kwenye taa au kwenye foleni si kuegesha, hata injini ikiwa imezimika.

*Namfundisha binti yangu, naye ndiye anayeshika usukani. Je, sheria inanihusu?*

Inakuhusu, mama. Msimamizi wa mwanafunzi amekatazwa vilevile.

*Na kulipia chakula kwa simu dirishani, bila kushuka garini?*

Inaruhusiwa, mradi gari limesimama kabisa na unapokea chakula papo hapo.

*Nikiona ajali mbaya mbele yangu?*

Simama salama kwanza, ndipo upige simu. Kama kusimama ni hatari au hakuwezekani, sheria inakuruhusu kupiga 999 au 112 huku simu ikiwa mkononi. Ruhusa hiyo haihusu kumpigia jamaa wala kupiga picha.