Nembo Inapotokea na Kisanduku Cheupe: Namna ya Kutafuta Uwazi wa Picha Ulipopotelea

Malalamiko huwa ni yale yale: nembo imehifadhiwa bila mandharinyuma, lakini programu inapofunguliwa inaonekana imezungukwa na kisanduku cheupe, cha kijivu au cheusi. Uwazi wa picha hubebwa na chaneli ya alfa, yaani thamani ya 0 hadi 255 inayoambatana na kila pikseli, ambapo 0 ni uwazi kamili na 255 ni rangi isiyopitisha chochote. Chaneli hiyo inaweza kupotea katika faili, katika upakiaji, katika uunganishaji wa picha au katika dirisha lenyewe, na ni heri kukagua kwa mpangilio huo kuliko kubadilisha msimbo kwa kubahatisha. Mifano ifuatayo ni ya Python, kwa kutumia Pillow (maktaba ya kushughulikia picha) na Tkinter (maktaba ya kuunda madirisha).

Hatua ya 1: Faili

```
from PIL import Image
picha = Image.open("nembo.png")
print(picha.mode)
print(picha.convert("RGBA").getpixel((0, 0)))
```

Ikiwa pikseli ya pembeni, ambayo ulitarajia iwe wazi, inaleta (255, 255, 255, 255), basi weupe umo ndani ya picha na hakuna mpangilio wa dirisha utakaouondoa. Wakati mwingine utakuta hata vile viraba vya kijivu na vyeupe vimechorwa humo. Hapo ulichopakua ni mchoro wa uwazi, si uwazi. Faili ya JPEG haina nafasi ya alfa kabisa, na kuibadilisha jina iishie na .png hakuipi.

Hatua ya 2: Upakiaji

Tafuta convert("RGB") katika msimbo wako. Amri hiyo hutupa alfa, na rangi iliyofichwa chini ya pikseli wazi, mara nyingi nyeusi, hujitokeza. Tumia "RGBA" (nyekundu, kijani, buluu na alfa), hata kwa picha ambazo mode yake, yaani aina ya rangi zake, ni P (rangi huchukuliwa kutoka kwenye orodha maalumu).

Hatua ya 3: Uunganishaji

Amri ya paste, inayobandika picha moja juu ya nyingine (hapa msingi ni picha ya chini), haizingatii alfa usipoipa barakoa, yaani picha inayoonyesha sehemu zipi zibandikwe, ambayo ni hoja ya tatu:

```
msingi.paste(nembo, (40, 30), nembo)
```

Hatua ya 4: Dirisha

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu picha ni nzima na kisanduku bado kipo. Label ya Tkinter, yaani kipengele cha kuonyesha maandishi au picha, hujipaka rangi yake ya mandharinyuma kabla ya kuchora picha, kwa hiyo sehemu zilizo wazi huonyesha rangi ya Label, wala si kilicho nyuma yake. Dirisha likiwa na rangi ileile kosa halionekani. Ukiweka picha nyuma, linajitokeza mara moja. Kuihakikisha sababu hii ni rahisi: ipe Label bg="red", na kisanduku kikigeuka chekundu, umempata mhusika. Dawa yake ni kuchora vyote juu ya Canvas (turubai ya kuchorea) moja, ambayo huheshimu alfa na kupanga vitu kwa mfuatano wa kuchorwa; hapa mandhari na nembo_tk ni picha zilizogeuzwa kuwa PhotoImage, aina ya picha ambayo Tkinter huonyesha:

```
turubai.create_image(0, 0, image=mandhari, anchor="nw")
turubai.create_image(40, 30, image=nembo_tk, anchor="nw")
turubai.nembo = nembo_tk
```

Mstari wa mwisho si pambo. Kitu cha PhotoImage kilichoundwa ndani ya funksheni kisipohifadhiwa mahali, Python hukifuta funksheni inapomalizika na picha hutoweka yote, jambo ambalo halihusiani na alfa hata kidogo.

Kisanduku kikiondoka lakini ukabaki ukingo mwembamba mweupe kuzunguka nembo, rudi kwenye faili: pikseli za ukingoni zilichanganyika na weupe kabla ya nembo kukatwa, hivyo isafirishe upya kutoka kwenye mchoro asilia usio na mandharinyuma.